Kona ya ndani isikuachie mwanya
Ukiweka mkanda wa urembo wa mbao chini ya ukuta, kwenye kona ya ndani usiunganishe vipande viwili vya nyuzi 45. Kuta ni nadra kukutana kwa nyuzi 90 kamili, na mbao zikinywea mwanya unafunguka. Kipande cha kwanza kikate mraba (ncha iwe nyuzi 90), kisukume hadi kiguse ukuta. Cha pili kikate nyuzi 45. Ukingo wa mbele utachora umbo lote la nakshi. Upitishie penseli uonekane vizuri, kisha fuata mstari huo kwa msumeno mwembamba, ukiulaza kidogo ili nyuma ipungue kuliko mbele. Mabonde ya nakshi yamalizie kwa tupa ya mviringo (hapo usiwe na haraka), kisha ncha hiyo ikalie uso wa kipande cha kwanza. Kona za nje, kata nyuzi 45 kama kawaida.