Kabla ya kwenda kwenye maandamano, andaa na masikio

Wengi tukijiandaa kwa mkusanyiko wa hadhara hapa Dar tunawaza maji ya kunawa moshi wa mabomu ya machozi na viatu vya kukimbilia. Masikio tunayasahau, ilhali ipo mitambo ya sauti kali ya kutawanya watu, na seli za vinyweleo zinazopokea sauti ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Marekani, baada ya meli ya kivita USS Cole kushambuliwa bandarini Aden, Yemen, mwaka 2000, ulitengenezwa mtambo wa sauti uitwao LRAD wa kuonya mashua zisisogee. Baadaye polisi wakaanza kuutumia kutawanya watu. Mwaka 2009 mjini Pittsburgh, profesa mmoja aliyekuwa akitazama tu maandamano wakati wa mkutano wa G20 (kundi la nchi zenye uchumi mkubwa) aliumia masikio kwa mtambo huo. Mwaka 2012 jiji likamlipa dola 72,000. Kwa hiyo hata mama ntilie na mwandishi wa habari wajiandae.

Mitambo midogo ya aina hiyo hufikia desibeli 137 (kipimo cha ukali wa sauti) ukiwa mita moja kutoka kwenye mtambo. Kazini, desibeli 85 huvumilika kwa muda wa saa nane kwa siku. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Sauti yake hulenga mbele kama mwanga wa tochi, basi toka kwa pembeni, kisha endelea kwenda mbali. Kwenye vichochoro vya Kariakoo kuta za maghorofa huirudisha, hivyo chagua mapema njia iliyo wazi.

Nunua vizibo vya sponji vya masikio, vile wanavyovaa mafundi viwandani. Pamba na tishu hazikingi vya kutosha. Kisokote kizibo kwa vidole safi hadi kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie nusu dakika kijae. Kikikaa sawasawa, sauti yako mwenyewe itavuma kichwani. Jizoeze nyumbani. Lakini vizibo ni vya kukupa nafasi ya kuondoka, usibaki kwa sababu umevivaa. Na kwa kuwa hutasikia vizuri amri ya polisi wala mwenzako akikuita, kubalianeni ishara za mikono. Watoto waacheni nyumbani.

Sikio likiendelea kuvuma au kuziba hadi kesho yake, usilitie mafuta wala kulichokonoa. Wahi kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo. Dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe), daktari akiona zinafaa, husaidia zaidi zikianzwa ndani ya siku chache. Mweleze saa ilipotokea, ulikuwa umbali gani, na sikio lipi lilielekea mtambo.