Namna ya kumtambua nondo wa kantangaze kabla ya kupiga dawa

Nyanya zikianza kuungua majani, wengi wetu hukimbilia bomba la dawa. Tafadhali subiri kidogo. Hakikisha kwanza kwamba ni kantangaze (*Tuta absoluta*), maana dawa ya mdudu mwingine itakula fedha yako bure.

Hatua ya 1. Ingia shambani jua likizama au alfajiri. Mchana nondo hawa hujificha katikati ya majani. Tikisa mche taratibu, nao wataruka kidogo na kutua jirani.

Hatua ya 2. Mtazame. Ana urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na madoa meusi kwenye mabawa ya mbele. Vipapasio vyake ni virefu, vina pingili kama shanga zilizotungwa. Nondo wa viazi hufanana naye sana, ila ni mkubwa kidogo. Kwa macho matupu ni rahisi kuwachanganya, kwa hiyo usiishie hapa.

Hatua ya 3. Kagua majani, mimi huamini jani kuliko nondo. Liinue kuelekea mwanga. Kiwavi wa kantangaze hula nyama ya ndani na kuacha ngozi ya juu na ya chini, hivyo utaona baka pana linalopitisha mwanga, na vinyesi vyeusi ndani yake. Ukiona mstari mwembamba unaojipindapinda, huyo ni inzi mchimba majani. Pasua baka: kiwavi ni wa kijani au waridi, na ana mstari mweusi nyuma ya kichwa. Angalia pia matundu kwenye tunda, hasa karibu na kikonyo.

Hatua ya 4. Weka mtego wa feromoni (harufu ya jike inayovuta madume) juu ya beseni la maji ya sabuni. Hunasa madume tu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, kwa hiyo endelea kukagua majani hata mtego ukinasa wachache.

Hatua ya 5. Ziba njia zake. Asili yake ni Amerika Kusini. Alielezwa kisayansi mwaka 1917 kutoka Peru. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akashuka Afrika Kaskazini, na 2014 alikuwa ameshafika Kenya na Tanzania. Safari ndefu hivyo hubebwa na matunda, miche na vifungashio. Kagua miche ya kununua, osha matenga yanayotoka sokoni, na usisahau bilinganya, viazi na mnavu ulioota pembeni mwa shamba: humo pia huzaliana.