Jinsi ya Kubadilisha Spairo ya Usukani kwenye Pikapu

Dereva anayepiga honi akiwa kwenye barabara iliyonyooka na kuisikia ikilia vizuri, kisha akakata kona na kuikuta imenyamaza, ana dalili ambayo wengi huanza kuitafutia dawa kwenye honi yenyewe, ilhali mara nyingi ubovu uko ndani ya usukani. Dalili hiyo inapoambatana na taa ya mfuko wa hewa kuwaka muda wote kwenye dashibodi, au vitufe vya redio vya usukani kufanya kazi leo na kugoma kesho, au mkwaruzo unaosikika nyuma ya usukani kila unapozungushwa, kifaa cha kushukiwa kwanza ni spairo, ambayo baadhi ya maduka ya spea huiita kloku springi. Maelezo yanayofuata yanahusu hasa Toyota Hilux za kizazi kilichotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2015, kwa sababu ndizo zinazoonekana sana Dodoma, kuanzia za wakandarasi wa Mtumba hadi zinazobeba zabibu kutoka Hombolo na Makutupora, lakini kanuni zake ni zilezile kwa pikapu nyingine nyingi zenye mfuko wa hewa.

Spairo ni kisanduku cha plastiki cha duara kinachokaa kwenye mhimili wa usukani, nyuma ya usukani wenyewe. Ndani yake kuna utepe mwembamba wenye njia za shaba, uliozungushwa mara kadhaa, ambao upande wake mmoja umeunganishwa na nyaya za gari zisizosogea na upande wa pili na nyaya za usukani unaozunguka. Waya wa kawaida ungejisokota na kukatika mapema, lakini utepe huu hujikunja na kujikunjua kadiri dereva anavyokata kona, bila kupoteza mawasiliano. Njia hizo ndizo zinazopeleka umeme wa honi na vitufe, na ndizo pia zinazopeleka amri ya kufyatua mfuko wa hewa wa dereva. Kwa hiyo spairo iliyokatika si kero ya honi tu: gari likigonga, mfuko wa dereva unaweza usifunguke kabisa. Ndiyo maana tabia ya kung'oa balbu ya taa ya onyo, au kuiziba kwa tepu, ili mnunuzi au abiria asiione, ni hatari isiyokubalika.

Kifaa hiki huchakaa kwa umri na matumizi, na mazingira ya kwetu hayakisaidii. Vumbi la barabara za vumbi za Bahi, Chemba na Mpwapwa hupenya kwenye mianya ya kava za usukani, na gari linaloegeshwa juani mchana kutwa hukausha plastiki zake. Hata hivyo, spairo nyingi huuawa na mikono ya watu. Fundi anapofungua reki ya staringi, yaani kifaa kinachogeuza magurudumu ya mbele, na kuacha usukani uzunguke huru, au anaporudisha usukani bila kuhakikisha kuwa spairo iko katikati, utepe huishiwa nafasi upande mmoja na kukatika mara ya kwanza dereva anapokata kona hadi mwisho. Kama dalili zilianza siku chache baada ya gari kutoka gereji kwa kazi ya staringi, chanzo kinajulikana tayari.

Kabla ya kununua chochote, ondoa kwanza mashaka ya vitu vidogo. Kagua fyuzi na rilei ya honi, kisha piga honi huku msaidizi akizungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Honi inayokatika kwenye nafasi fulani tu inaelekeza kwenye spairo, wakati ile isiyolia popote inaweza kuwa na tatizo jingine. Halafu gari lipimwe kwa mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Kwenye Toyota nyingi za kizazi hiki, kodi B1801 humaanisha kwamba njia ya umeme ya mfuko wa hewa wa dereva imekatika, na B1800 humaanisha kuwa nyaya zake zimegusana. Kodi hizo hazithibitishi peke yake kuwa spairo imekufa, kwa kuwa hata plagi iliyolegea huweza kuzileta, lakini zikijumlishwa na honi inayolia kwa kubahatisha, ushahidi unakuwa mzito. Hilux za zamani zisizo na mfuko wa hewa kwa kawaida hazina spairo ya aina hii. Honi yake hupata umeme kupitia pete ya shaba na kipande kinachoigusa, na mara nyingi kusafisha sehemu hizo kunatosha.

Katika ununuzi, jina la gari na mwaka havitoshi. Spairo ya gari lenye vitufe vya redio na kidhibiti mwendo ina njia nyingi kuliko ya gari lenye honi na mfuko wa hewa pekee, na kwa macho zinafanana sana. Peleka dukani namba ya chesisi, na ikiwezekana namba iliyoandikwa kwenye spairo ya zamani. Spairo za Toyota kwa kawaida huwa na namba inayoanza na 84306. Ukiagiza kutoka Kariakoo na kuletewa kwa basi, omba utumiwe kwanza picha za pande zote mbili ili ulinganishe umbo la plagi na idadi ya pini. Siwashauri watu kununua spairo iliyotumika. Hakuna njia ya kujua utepe wake umebakiza maisha kiasi gani, na kifaa ambacho uhai wa dereva unakitegemea si mahali pa kubana matumizi.

Kazi yenyewe inahitaji soketi ya namba 10 kwa betri, soketi ya namba 19 kwa nati ya usukani, toksi (bisibisi yenye ncha ya nyota ya pembe sita) ya T30 yenye mpini mrefu, bisibisi ya nyota, bisibisi bapa ndogo iliyofungwa tepu nchani, pula ya usukani (kifaa cha kuuvuta utoke kwenye mhimili), toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kalamu ya rangi ya kuwekea alama. Tafuta mahali tambarare penye kivuli na pasipo upepo. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma huinua vumbi jingi, na plagi zilizo wazi hazipaswi kulipokea.

Egesha gari magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka kabisa, zima swichi, toa ufunguo. Fungua terminali hasi ya betri na uisogeze mbali isije ikagusa tena. Sasa subiri. Mtengenezaji anataka angalau sekunde 90, kwa kuwa kompyuta ya mfuko wa hewa huhifadhi umeme wa akiba unaotosha kuufyatua hata betri ikiwa imefunguliwa. Mimi naona ni busara kusubiri dakika kumi, kwani hakuna gereji iliyopata hasara kwa sababu ya dakika kumi. Mfuko wa hewa hufunguka kwa mlipuko ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na mtu aliyeinamia usukani anaweza kuumia vibaya usoni au kupoteza maisha. Tena wakati wa kiangazi hewa ni kavu na mwili hukusanya umeme tuli, hivyo gusa chuma tupu cha bodi ya gari kabla ya kushika plagi yoyote ya mfuko huo.

Pande zote mbili za usukani, upande wa nyuma, kuna vifuniko vidogo vya plastiki. Vitoe kwa bisibisi bapa, kisha legeza skrubu ya toksi iliyo ndani ya kila kimoja mpaka ikwame kwenye kishikio chake. Haihitaji kutoka nje kabisa. Kitako cha honi, ambacho ndicho chenye mfuko wa hewa, sasa kitavutika kuja kwako. Usikivute kwa nguvu, kwani bado kimeshikwa na nyaya. Inua kwanza kifungio cha plagi ya manjano, ichomoe, kisha chomoa waya wa honi. Beba kitako hicho uso wake ukiwa umeelekea mbali na mwili wako, na ukilaze mahali salama uso ukiangalia juu, pasipo kuweka kitu chochote juu yake. Boneti iliyochomwa na jua la saa saba mchana si mahali pa kukiweka. Kamwe usikipime kwa multimita, yaani kipima umeme, kwa kuwa hata umeme mdogo wa kipimo unaweza kukifyatua.

Chomoa plagi nyingine zilizobaki kwenye usukani, kisha fungua nati ya katikati, lakini iache ikiwa imeshika meno machache ili usukani usikurukie usoni unapoachia. Weka alama ya kalamu kwenye mhimili na kwenye usukani, zikitazamana. Funga pula na uuvute usukani taratibu hadi ulegee, ndipo umalizie nati na kuutoa. Kuupiga usukani kwa nyundo, jambo linaloonekana katika gereji nyingi, huharibu mhimili ambao umetengenezwa kujikunja gari linapogonga, na madhara yake hayaonekani kwa macho.

Kava za plastiki za mhimili hushikwa na skrubu na vibanio. Shusha mhimili kwa mpini wake wa kurekebishia ili upate nafasi ya kuzitoa. Spairo sasa iko wazi mbele yako. Chomoa plagi zake za nyuma, bana vibanio vyake, na uivute itoke. Ukitaka uhakika, hapa ndipo multimita inaruhusiwa, kwa kuwa spairo iko peke yake mkononi: pima kila njia kutoka plagi ya nyuma hadi plagi ya mbele huku ukiizungusha taratibu, na njia iliyokatika itajionyesha.

Sasa tumefika mahali panapotenganisha kazi nzuri na kazi itakayorudi baada ya wiki. Spairo mpya huja ikiwa katikati, imefungwa kwa pini au stika inayoizuia kuzunguka, na kifungio hicho hakitolewi mpaka iwe imeshakaa mahali pake. Watu huizungusha dukani kwa udadisi, na muuzaji huirudisha kwenye boksi bila kusema. Ukiikuta bila kifungio, usiamini kuwa iko katikati. Izungushe kwa mkono kinyume cha mwendo wa saa, polepole, mpaka uhisi inakuwa ngumu. Usilazimishe hata kidogo zaidi ya hapo. Kisha izungushe kufuata mwendo wa saa takriban mizunguko miwili na nusu, mpaka alama ya kisahani kinachozunguka ikutane na alama ya kisanduku. Kama aina yako ni tofauti na hujui idadi yake, hesabu mizunguko yote kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha rudi nusu yake. Usukani wa gari huzunguka takriban mara mbili kila upande, kwa hiyo akiba iliyobaki ni ndogo, na kukosea mzunguko mmoja tu kunatosha kuukata utepe mpya.

Kabla ya kuisukuma spairo mahali pake, hakikisha mkono wa indiketa uko katikati, haujawashwa kulia wala kushoto, kwani pini ya kuzimia indiketa inaweza kuvunjika. Rudisha plagi za nyuma, kisha kava. Pandisha usukani kwa kufuata alama ulizoweka, ukipitisha nyaya bila kuzibana, na kaza nati kwa nguvu ya nyutonimita 50. Rudisha plagi zote, ile ya manjano ikifungwa mpaka kifungio chake kilale, ndipo ukirudishe kitako na kukaza skrubu za toksi.

Unganisha betri swichi ikiwa imezimwa. Mtu yeyote asikae kwenye kiti cha dereva. Ingiza mkono kwa pembeni na uwashe swichi bila kuinamia usukani. Taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka kwa takriban sekunde 6 na kuzimika. Ikibaki inawaka, futa kodi za zamani kwa mashine kwanza, na zikirudi, kagua upya plagi za manjano kabla ya kulaumu spea. Washa injini, zungusha usukani hadi mwisho wa kila upande huku ukipiga honi na kubonyeza kila kitufe, na sikiliza kama kuna mkwaruzo.

Pikapu zenye mfumo wa kuzuia gari kuserereka zina kihisi cha pembe ya usukani, ambacho kwenye aina nyingi kimepachikwa kwenye spairo yenyewe. Hizo zinahitaji kihisi kipangwe upya sifuri yake kwa mashine, gari likiwa limesimama pahali tambarare na magurudumu yamenyooka, kabla ya kurudi barabarani.