SOMO: Gari dogo la spoti, petroli ya premiamu au ya kawaida? Soma lote kabla ya kuuliza

Swali hili linarudi kila mara, na majibu ni yale yale ya kubahatisha: "gari la spoti lazima premiamu", au "mimi naweka ya kawaida na halijafa". Hakuna hata moja linalomsaidia mtu aliyesimama mbele ya pampu. Kinachoamua ni injini iliyomo na agizo la aliyeitengeneza. Umbo la gari na ukubwa wa ekzosi haviingii hapa. Atakayeuliza kilichokwisha kuelezwa nitamrudisha kwenye namba ya hatua.

Jambo la msingi kwanza. Oktani si kipimo cha nguvu wala cha usafi wa mafuta. Inapima uvumilivu: petroli inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haijajilipukia yenyewe bila kungoja moto wa plagi. Lita ya premiamu ina nishati karibu sawa na lita ya kawaida. Dawa za kusafisha nozeli (vinyunyizio vya petroli) ni suala jingine. Zinaweza kuwemo kwenye yoyote kati ya hizo mbili.

Hatua ya 1. Fungua kifuniko cha tenki, soma stika. Kwa gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, プレミアム au ハイオク ni premiamu, レギュラー ni ya kawaida.

Hatua ya 2. Fungua kitabu cha gari, sehemu ya mafuta, uangalie kitenzi kilichotumika. "Inahitajika" na "inapendekezwa" ni maagizo mawili tofauti. Ikiwa premiamu inahitajika, mjadala umeisha: weka premiamu. Ikiwa inapendekezwa, injini imeandaliwa kuishi na ya chini pia, ila itatoa nguvu pungufu. Hapo ndipo una haki ya kupiga hesabu (hatua ya 6).

Hatua ya 3. Jua namba hiyo ni ya mfumo gani. Hapa ndipo watu wanaharibu injini huku wakiamini wamefuata kitabu, kwa hiyo soma polepole. Oktani hupimwa kwa njia mbili za maabara, RON na MON. MON hufanyika katika mazingira magumu zaidi, hivyo namba yake huwa ndogo. Nchi nyingi huandika RON kwenye pampu. Marekani na Kanada huandika wastani wa hizo mbili, AKI. Petroli ile ile moja inaonekana na namba mbili zilizopishana kwa kama 4 au 5:

AKI 87 ni karibu RON 91 hadi 92
AKI 91 ni karibu RON 95 hadi 96
AKI 93 ni karibu RON 98

Sasa angalia mtego. Kitabu cha gari la soko la Marekani kinasema 91. Unafika kwenye pampu iliyoandikwa 91 RON, unajaza, unaondoka na amani. Kumbe umeweka ile ambayo Marekani inaitwa 87, yaani ya kawaida. Kinyume chake hakiui injini bali mfuko: kitabu cha Marekani kinasema 87, mtu anatafuta premiamu kwa hofu wakati RON 91 ilimtosha.

Na stika ya Kijapani ina mtego wake. Kiwango cha Japani ni RON 89 au zaidi kwa ya kawaida na RON 96 au zaidi kwa premiamu. Gari lililoandikwa "kawaida" litakula RON 91 bila tatizo. Lililoandikwa "premiamu" likiwekewa RON 95 liko chini ya kiwango chake kwa namba moja. Halitakufa leo kwa hilo, lakini usilikimbize kwa nguvu zote kwenye joto kali, na ukipata 98, hiyo ndiyo yake.

ONYO: usilinganishe namba ya kitabu na ya pampu kabla hujajua zote mbili ni za mfumo mmoja. Kama kitabu hakitaji mfumo, angalia gari lilitengenezwa kwa soko gani.

Hatua ya 4. Hakikisha injini ni ile ya kitabu. Bodi moja hubeba injini tofauti. Suzuki Swift ya kawaida ya Japani hutumia ya kawaida. Swift Sport ZC33S yenye injini ya lita 1.4 ya turbo (pampu ya kusukumia injini hewa ya ziada) inataka premiamu. Lakini jina la spoti peke yake si ushahidi: Toyota Vitz RS ya 1.5 na Honda Fit RS ni magari ya spoti, na Japani yanatumia ya kawaida. Toyota 86, kompresheni (kiasi ambacho silinda inabana mchanganyiko wa hewa na petroli) 12.5:1, premiamu. Kama gari limebadilishwa injini au limefanyiwa programu ya kuongeza nguvu, sahau stika. Fuata oktani aliyoitumia aliyeandika programu hiyo.

Hatua ya 5. Sikiliza injini. Ipashe moto hadi joto lake la kazi, shusha vioo, tafuta mlima mdogo. Gia ya tatu, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2000, kanyaga mafuta hadi 4000. Kugonga kwa petroli kunasikika kama kokoto ndogo ndani ya mkebe. Hutokea injini ikibeba mzigo tu, na hukoma papo hapo ukiachia mguu. Mlio unaosikika hata gari likiwa limesimama, injini ikiunguruma bila kukanyagwa, si huu. Injini za kunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda nazo huwa na mlio wa nozeli, tik-tik-tik, ambao ni wa kawaida.

Kwa nini kugonga kunaua: plagi ikiwasha, moto husambaa kwa mpangilio kutoka katikati. Mchanganyiko uliobaki pembeni unazidi kubanwa na kupata joto. Oktani ikiwa ndogo, unalipuka wote kwa mpigo. Wimbi lake linakwangua tabaka jembamba la hewa linaloukinga uso wa pistoni dhidi ya moto. Joto linaingia moja kwa moja kwenye aluminiamu, na baada ya hapo kingo zinazoshika ringi huvunjika, gasketi ya silinda hedi huungua, kauri ya plagi hupasuka.

Msijifiche nyuma ya sensa ya noki (kifaa kinachosikiliza kugonga). Sensa husikia kugonga kukishatokea, ndipo kompyuta inarudisha taimingi (wakati wa plagi kuwasha) nyuma kwa nyuzi kadhaa. Moto ukichelewa kuwashwa, nguvu inapungua, ulaji wa mafuta unapanda, na joto linatokea kwenye ekzosi, ambako linapika katalisti (kisafisha moshi) na turbo. Sensa ipo kwa ajili ya siku umekosa premiamu njiani. Haikutengenezwa ili ukuruhusu kuikwepa mwaka mzima.

Hatua ya 6. Kwa "inapendekezwa" tu. Jaza tenki pomoni, tembea, jaza tena pomoni kwenye pampu ile ile. Lita gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Fanya tenki tatu kwa kila aina, na tenki la kwanza baada ya kubadilisha usilihesabu, kwa sababu lina mchanganyiko na kompyuta bado inajifunza. Ikiwa umeshuka kutoka lita 8.0 hadi 7.6 kwa kilomita 100, hiyo ni asilimia 5. Premiamu ikiwa ghali kwa asilimia 10, kwa mfuko umepoteza. Ukiipenda kwa ajili ya nguvu, hiyo ni sababu halali, ila usiiite kubana matumizi.

Hatua ya 7. Umeshajaza ya kawaida kwenye gari la premiamu? Usiite gari la kuvuta. Endesha taratibu, usikanyage hadi mwisho, usivute mzigo, RPM zisiwe chini sana kwenye gia kubwa. Tenki likifika nusu, jazia premiamu ya juu kabisa inayopatikana.

MASWALI (fundi_taimingi ni mimi mwenye somo)

spoila_nyekundu: Mkuu somo refu. Nijibu tu, gari yangu ndogo ya spoti niweke ipi?

fundi_taimingi: Hatua ya 1. Ukirudi, njoo na aina ya injini na maandishi ya stika. Bila hivyo sina cha kukujibu.

gia5: Asante kwa somo. Hatua ya 7 inasema kuchanganya. Je, oktani inachanganyika sawasawa? Nina tenki la lita 40.

fundi_taimingi: Swali zuri. Kwa matumizi ya kawaida, chukua wastani kulingana na lita za kila moja. Lita 20 za RON 91 na lita 20 za RON 98: (20 × 91 + 20 × 98) ÷ 40 = 94.5. Si sahihi kwa asilimia mia, hasa ethanoli ikiwemo, kwa sababu ethanoli huongeza oktani kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha. Lakini inatosha kukuambia uko wapi. Ukihitaji 95, lenga 96 ili uwe na nafasi.

baba_K: Mnadanganya watu. Nimeweka premiamu kwenye gari ya kawaida kabisa na imekuwa nyepesi, inavuta.

fundi_taimingi: Sijasema haiwezekani. Injini iliyopangiwa ya kawaida kwa kawaida haina taimingi ya ziada ya kuchukua. Ikiwa kweli imebadilika, basi ilikuwa inagonga kwenye ya kawaida na kompyuta ilikuwa imerudisha taimingi. Huo ni ugonjwa unaouficha kwa premiamu. Angalia masizi juu ya pistoni, mfumo wa kupooza, vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini) iliyoganda ikiwa imefungwa, mchanganyiko wenye mafuta machache, na plagi zisizo za injini hiyo. Soma pia kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari: P0325 ni saketi ya sensa ya noki.

baba_K: Kwa hiyo unasema gari yangu mbovu?

fundi_taimingi: Nasema ipime. Nimekupa pa kuanzia.

kompresheni13: Mkuu, nimekuwa nikiamini kompresheni kubwa maana yake premiamu. Lakini Mazda3 ya Marekani ina 13:1 na inatumia ya kawaida. Inawezekanaje?

fundi_taimingi: Wengi wanakwama hapo, na umeuliza vizuri. Kompresheni ni sehemu moja tu ya hesabu. Injini ile ya Skyactiv-G inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na petroli ikigeuka mvuke inapooza hewa. Ekzosi yake ya mabomba marefu ya 4-2-1 (manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja) inatoa gesi ya moto iliyobaki, kwa hiyo mchanganyiko mpya hauanzi ukiwa na joto la mzunguko uliopita. Uso wa pistoni una kishimo kinachouacha moto uanze vizuri. Mazda ile ile, MX-5 ya 1.5 ya soko la Japani, nayo ina 13:1 lakini stika yake ni premiamu, maana walichagua kupata nguvu zaidi. Kwa hiyo usikisie kwa namba ya kompresheni. Ongeza na haya: kwenye miinuko mirefu, injini isiyo na turbo hupata hewa nyembamba na haja yake ya oktani inashuka. Yenye turbo hufidia hewa hiyo, kwa hiyo usiishushie oktani kwa sababu ya mwinuko.

lita1_4T: Yangu ni turbo, naweka premiamu daima. Nikiwa gia ya sita RPM kama 1600 nikikanyaga, inapiga KO! moja kubwa, kisha kimya. Petroli mbovu?

fundi_taimingi: Inawezekana si petroli. Injini ndogo za turbo zenye kunyunyiza ndani ya silinda zina tatizo la kuwaka kabla ya plagi katika RPM ndogo na mzigo mkubwa. Matone ya oili yakichanganyika na petroli kwenye kingo za silinda ndiyo huwasha moto kabla ya wakati. Oktani haisaidii sana hapo. Fanya mambo mawili leo: shusha gia kabla ya kukanyaga, RPM ziwe juu ya 2500, na angalia kopo la oili. Daraja la oili la API SP, lililoanza 2020, hupimwa kwa tatizo hilo hilo, na SN Plus kabla yake pia. Mlipuko mmoja wa aina hii unaweza kuvunja pistoni, kwa hiyo usingoje uone kama utarudi.

mwendokasi_tu: Vipi petroli ya ndege? Ina oktani 100.

fundi_taimingi: Hapana. Ile ya 100LL ina madini ya risasi. Itaua katalisti na sensa ya oksijeni.

nusu_tenki: Chupa za kuongeza oktani je? Imeandikwa "inaongeza pointi 30".

fundi_taimingi: Pointi 10 ni oktani 1. Pointi 30 ni kutoka 91 hadi 94, tena ukifuata kipimo cha lita kilichoandikwa mgongoni mwa chupa. Nyingi zina manganizi. Ukiona vumbi la rangi ya chungwa kwenye plagi, ndiyo hiyo. Kwa dharura sawa. Kwa kila tenki, premiamu ya pampuni ni bora na mara nyingi rahisi zaidi.

gia5: Umetaja plagi mara mbili. Zisizo za injini hiyo zinaletaje kugonga?

fundi_taimingi: Plagi ina kiwango cha joto, yaani kasi yake ya kutoa joto la ncha kwenda kwenye silinda hedi. Ya moto mno inabaki na ncha nyekundu na inaweza kuwasha mchanganyiko yenyewe. Angalizo la kununulia: kwa NGK na Denso namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume, namba kubwa ni moto zaidi. Wauzaji wanaobadilisha kampuni kwa kufananisha namba ndio wanaowapa watu plagi zisizofaa. Tumia jedwali la mtengenezaji. Na ukifungua sensa ya noki ukiwa humo, ile ya duara yenye boliti katikati hufungwa kwa karibu Nm 20 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenye chuma kisafi, bila washa (pete ya chini ya boliti). Ikilegea haisikii, ikikazwa mno inasikia vibaya, na kompyuta inarudisha taimingi hata kwenye premiamu.