Kazi ya tovuti na vipeperushi vya makanisa

Kabla ya kubuni chochote, omba kanisa liteue kwa maandishi mtu mmoja wa kuidhinisha kazi. Kamati nzima ikitoa maoni, kazi haiishi. Pokea nusu ya malipo mwanzoni, na mkataba utaje marekebisho mawili. Zaidi ya hapo yalipiwe.

Hili ni muhimu kuliko yote: anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina la kanisa na barua pepe ya ofisi, si ya muumini aliyejitolea. Akihama, ujumbe wa kulipia upya anwani haumfikii yeyote kanisani na tovuti inazimika.

Vipeperushi vya kuchapwa: picha za nukta 300 kwa inchi, rangi za CMYK (mpangilio wa wino nne za uchapaji: samawati, majenta, njano na nyeusi), ziada ya milimita 3 kila upande, itakayokatwa baada ya kuchapa. Nembo iliyotumwa kama picha kwa WhatsApp hupungua ubora, na ikichapwa mara nyingi huonekana hafifu. Dai faili la vekta, yaani mchoro unaoweza kukuzwa bila kupoteza ubora.