Namna ya Kuandika Maisha na Kifo cha Mkulima Aliyefariki Wakati wa Vita vya Burundi

Ukitaka kuandika maisha ya mzee wako aliyekuwa mkulima nchini Burundi na akafariki kati ya mwaka 1993 na 2005, anza na shamba lake kabla ya kugusa vita. Habari za vita zimeandikwa vya kutosha: kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, mapinduzi ya Julai 1996, Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000, na makadirio ya watu wapatao 300,000 waliopoteza maisha. Kisichoandikwa popote ni upana wa shamba la huyo mzee, migomba aliyorithi na ile aliyoipanda kwa mkono wake, mikahawa aliyokuwa nayo, na watu waliolima pamoja naye.

Kwa kuwa Warundi wengi wa mashambani huishi vilimani, kila kaya ikiwa katikati ya shamba lake, anwani ya mkulima ni kilima. Andika jina la kilima, kisha ngazi za utawala zilizo juu yake, yaani zoni, komuni na mkoa, kama zilivyoitwa wakati ule, halafu uongeze majina ya sasa, kwa maana mwaka 2025 mikoa ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5 na komuni kutoka 119 hadi 42. Bila majina ya zamani hutaelewa karatasi za wakati ule, na bila majina mapya hutajua uende ofisi ipi.

Baada ya hapo chora ramani ya shamba ukiongozwa na mjane wake, ikiwa yu hai. Kwa desturi ardhi hurithiwa na wana wa kiume, kwa hiyo wajomba na baba wadogo watataka wao ndio waulizwe kwanza. Lakini aliyepanda maharage, akavuna mihogo na kuteka maji ni mama, naye ndiye anayejua ua wa minyaa uliishia wapi na bonde lilikuwa la nani.

Kazi ngumu kuliko zote ni tarehe, na hapa ndipo kalenda ya mkulima inapokufaa kuliko ya ukutani. Usimuulize shahidi ilikuwa mwaka gani. Muulize shambani kulikuwa na nini. Nchini Burundi msimu A hupandwa kwa mvua za Septemba na Oktoba na kuvunwa kuanzia Desemba, msimu B hupandwa kuanzia Februari na kuvunwa kuelekea Juni, na msimu C hulimwa mabondeni wakati wa kiangazi. Kahawa huchumwa takriban kati ya Machi na Julai. Mtu akikuambia kwamba Rais Ndadaye alikuwa ndiyo kwanza ameuawa na maharage yalikuwa bado hayajavunwa, umepata muda kati ya mwisho wa Oktoba na Desemba 1993, au Januari 1994 kwa waliochelewa kupanda. Akisema kahawa ilikuwa inaiva na nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, kumbuka kwamba vikwazo vya nchi hizo dhidi ya Burundi vilianza mwishoni mwa Julai 1996 na kusimamishwa Januari 1999. Basi anazungumzia msimu wa 1997 au wa 1998, si mwingine. Kati ya miaka hiyo miwili utachagua kwa kuuliza ni mtoto yupi aliyekuwa mgongoni, kisha utazame cheti chake cha ubatizo.

Unapofika kwenye kifo, usidhani mapema kwamba kilitokana na risasi au panga. Wakulima wengi walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika kambi za kukusanya raia, kwanza kuanzia mwaka 1996 katika mikoa kama Karuzi na Kayanza, kisha kuanzia Septemba 1999 pembezoni mwa Bujumbura, ambako walikusanywa zaidi ya watu 300,000. Kwenda shambani kulitegemea ruhusa ya askari, hivyo msimu wa kupanda ungeweza kupita huku mkulima akiliona shamba lake ng'ambo tu. Homa ya matifasi inayoenezwa na chawa ilienea kambini mwaka 1997, na mlipuko mkubwa wa malaria ulifuata mwishoni mwa 2000 hadi 2001. Aliyekufa kwa homa kambini, akiwa hajapanda, aliuawa na vita vilevile, na inafaa kuandika hivyo bila kumtafutia kifo cha kishujaa.

Mashahidi waulizwe mmoja mmoja, tena baada ya matanga kuanuliwa ikiwa msiba mwingine umetokea karibuni. Watafute majirani wa pande zote, Wahutu, Watutsi na Watwa, na kila sentensi uitie alama ya aliyeona au aliyesikia. Masimulizi yakipingana, yaandike yote mawili. Jina la anayetuhumiwa kuua lisiwekwe katika nakala itakayosambazwa, na ukionyeshwa kaburi usilichimbe; Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ilipewa jukumu la kupokea taarifa za makaburi ya waliouawa.

Karatasi zipo, ila zimetawanyika: daftari la parokia, barua fupi zilizopitia Msalaba Mwekundu, na kadi za posho za waliokimbilia Lukole, Kanembwa au Mtabila nchini Tanzania. Kadi ya posho huonyesha ukubwa wa kaya, hivyo idadi ikipungua kutoka kadi moja hadi nyingine unajua uulize nini.

Usimalizie maandishi kwenye mazishi. Eleza ni nani alilima shamba baada yake, kama lilivamiwa, na kama kesi ilifika kwenye Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoanzishwa mwaka 2006. Sehemu hiyo inaweza kupelekwa mahakamani na ndugu yeyote mwenye madai, kwa hiyo isomwe mbele ya ukoo mzima, wakiwemo mabinti walioolewa mbali, kabla haijachapwa. Atakayepinga mpaka fulani, andika jina lake na hoja yake pembeni ya ramani.