Kuotesha mbegu nyumbani: glasi, kitambaa, trei au moja kwa moja ardhini?

Wakuu salaam. Baridi ikianza kukaza, kuanzia Juni mpaka Agosti, malalamiko ni yale yale: mbegu nimenunua duka la pembejeo, pakiti haijapita muda, nimesia wiki ya pili sasa, hakuna kilichochomoza. Lawama zote anabebeshwa mwenye duka. Kabla hujaenda kugombana naye, pitia somo hili.

Nitalinganisha mbinu nne ambazo wengi wetu tunatumia majumbani: kuloweka kwenye glasi, kuatamia kwenye kitambaa, kusia kwenye trei, na kusia moja kwa moja ardhini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: watu wanabishana sana kuhusu mbinu huku kinachowaangusha ni joto. Nyanya ikiwa kwenye udongo wenye nyuzi joto 25 huchomoza kwa siku sita hivi. Kwenye nyuzi 15 inakwenda wiki mbili, na kwenye nyuzi 10 inapita mwezi, nyingi zikiwa zimeshaoza. Hoho ndiyo mvivu zaidi: siku nane kwenye nyuzi 25, na siku 25 hivi kwenye nyuzi 15. Sasa fikiria Arusha mjini, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai unaoweza kushuka hadi nyuzi 12. Trei uliyoiacha barazani ikilala kwenye baridi hiyo, mbinu yoyote utaona haifai.

Hatua ya 1: Ijue mbegu uliyonayo

Mbegu ndogo kavu za dukani (nyanya, hoho, kabichi, saladi) zinavumilia kukaa muda mrefu na hazina madai mengi. Mbegu zenye utelezi, kama papai na pasheni ulizokamua mwenyewe, zinataka kusafishwa kwanza. Kundi la tatu ni mbegu kubwa zenye maji, kama parachichi na embe. Hizi zikikauka zimekufa. Kokwa la parachichi lililokaa wiki kadhaa dirishani kama pambo lisikupotezee muda.

Angalia pia rangi. Mbegu zilizopakwa pinki, kijani au bluu zina dawa ya ukungu au wadudu. Usiziloweke, utaiosha dawa uliyoilipia, na usizishike kwa mkono mtupu.

Hatua ya 2: Glasi ya maji

Tumia maji ya uvuguvugu, loweka saa 12 mpaka 24, kisha toa. Kazi ya glasi inaishia hapo. Mbegu ikishanyonya maji ya kutosha huanza kupumua kwa nguvu, na majini hewa ni kidogo. Wanaoacha mbegu majini siku nne wakisubiri mzizi utokee wanazizamisha zife, na harufu itawaambia.

Kuna imani kwamba inayoelea ni mbovu na inayozama ni nzima. Kwa maharage ina ukweli kiasi. Kwa hoho, ambayo ni nyepesi na bapa, achana nayo, maana nzima nyingi tu huelea. Mimi naiona glasi ni maandalizi ya mbinu nyingine, si mbinu inayojitegemea.

Hatua ya 3: Kitambaa au tishu

Wakulima wa mpunga wa Mabogini na Chekereni, kule chini ya Moshi, hawahitaji somo hapa. Wanaloweka mbegu kwa siku moja, wanaifunika gunia na kuiatamia siku mbili hivi mpaka ichipue, ndipo wanaipeleka kitaluni. Sisi tunafanya hivyo hivyo kwa kiasi kidogo.

Chukua kitambaa safi cha pamba au tishu nzito ya jikoni. Lowesha, kamua mpaka isidondoshe tone. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwani kitambaa kinachotiririka ni glasi kwa jina jingine. Panga mbegu zisigusane, kunja, weka kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko. (Rambo zilishapigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo kontena la aiskrimu ndilo mkombozi.) Mfuniko usiubane kabisa, na kila siku ufungue dakika chache ili hewa ibadilike na uangalie kama kuna ukungu.

Faida yake kubwa ni kwamba unaona. Ukitaka kupima pakiti kabla ya kusia, weka mbegu 10 kwenye tishu, zihifadhi mahali pa joto, hesabu zilizochipua baada ya siku kumi hivi, au wiki mbili kwa hoho. Zikichipua 8, unajua utasia kwa kiasi gani. Zikichipua 2 huku joto likiwa sawa, hapo sasa una haki ya kurudi dukani na pakiti yako.

Hasara yake ni kuhamisha. Mzizi wa kwanza ni laini kupita unavyodhani, ukivunjika ncha mche unadumaa au unakufa. Hamisha mapema, mzizi wa nyanya au hoho ukiwa milimita 2 hadi 3. Tumia kijiti cha meno, shika ganda, usiguse mzizi. Ukiwa umeshajishika kwenye tishu usiuvute. Kata kipande cha tishu upande nacho. Mzizi uelekee chini, na ukishindwa kujua upi ni chini, laza mbegu ubavu, itajipanga yenyewe.

Kwa hiyo kitambaa kinafaa mbegu chache za bei kubwa, mbegu za zamani usizoziamini, na mbegu zinazochukua wiki nyingi. Kuatamia mbegu 500 za nyanya kwa kitambaa kisha kuzihamisha mojamoja ni kujitesa tu.

Hatua ya 4: Trei

Kwa mboga ndiyo chaguo langu. Mbegu inaota pale itakapokulia, mizizi haiguswi mpaka siku ya kupandikiza. Vumbi la nazi (makumbi ya nazi yaliyosagwa) ni zuri lakini huku kwetu linafika likiwa na nauli ya kutoka pwani ndani yake. Mchanganyiko wa mboji iliyoiva vizuri, udongo mwepesi na pumba za mpunga zilizounguzwa mpaka ziwe nyeusi unafanya kazi nzuri. Samadi mbichi hapana. Udongo wa bustani ile ile uliyovuna nyanya mwaka jana hapana pia.

Mchanganyiko uumwagie maji yanayochemka, uache upoe na uchuje. Hii ni kinga dhidi ya kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaokata miche shingoni. Jaza trei, bonyeza kidogo, sia mbegu kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya unene wake. Kwa nyanya ni nusu sentimita hadi moja. Saladi karibu juu kabisa, kwani mwanga huisaidia kuota. Mwagilia kwa kuiweka trei kwenye beseni lenye maji kidogo inyonye kutoka chini, kisha funika.

Mche wa kwanza ukichomoza, funua na upeleke kwenye mwanga siku hiyo hiyo. Usisubiri wenzake. Ukichelewa siku mbili utakuta miche mirefu, myembamba na ya njano, na haitarudi kuwa minene.

Hatua ya 5: Moja kwa moja ardhini

Karoti, figili, maharage, maboga, mchicha. Karoti ukiihamisha inatoka na miguu miwili. Lainisha udongo, sia, funika na nyasi kavu, na usiruhusu tabaka la juu likauke mpaka zichomoze. Basi.

Hatua ya 6: Joto litoke wapi?

Wengi hawana vifaa maalum vya kupasha trei, na si lazima. Tafuta mahali penye joto nyumbani: juu ya king'amuzi kinachowaka, nyuma ya friji, rafu ya jikoni iliyo mbali kidogo na moto. Kwa usiku, weka trei ndani ya boksi, pembeni weka chupa yenye maji ya moto iliyofungwa vizuri, funika na blanketi kuukuu. Nunua kipimajoto cha bei nafuu, kichomeke kwenye udongo wenyewe, kwa sababu joto la chumba na la udongo uliolowa hayalingani. Lenga nyuzi 22 hadi 30. Ukipita 35 unaanza kuziumiza. Dirisha la kioo lenye jua la mchana si mahali salama kwa trei iliyofunikwa, linaweza kupika mbegu saa nane mchana na kuzigandisha alfajiri.

Nyongeza: parachichi

Ile ya kuchoma kokwa vijiti na kulining'iniza kwenye glasi inapendeza kwa watoto. Kwa anayetaka mche wa kubebesha (kuunganishia) Hass, aina ya parachichi la biashara, kuna njia ya haraka zaidi. Toa kokwa kwenye tunda lililoiva, osha, loweka dakika 30 kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 ili kuua vimelea vya kuoza mizizi, hasa kama tunda liliokotwa chini. Maji yasizidi hapo, kokwa litaiva. Menya ganda la kahawia, kata kipande chembamba juu na chini, panda kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) upande mpana ukiwa chini na ncha ikichungulia juu. Bila kumenya, miezi miwili au zaidi ni kawaida. Ukimenya unaokoa wiki kadhaa. Usikiache kiriba kikikaa na maji.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Neema, Sakina (Arusha): Asante kwa somo. Mimi mbegu za papai nimekamua kwenye tunda tamu kabisa, nikafukia hapo hapo kwenye kopo, mwezi na nusu sasa hakuna kitu.

Jibu: Pole mama. Ule utando wa utelezi unaoizunguka mbegu una kemikali inayozuia kuota. Weka mbegu kwenye chujio, sugua na mchanga kidogo mpaka utando utoke wote, osha, anika kivulini siku moja au mbili, ndipo usie. Na papai linadai joto kuliko hata hoho. Kwa Sakina msimu huu liweke ndani na ulipe wiki tatu au nne. Likiota, panda miche mitatu kwa shimo moja, kwani madume hutayajua mpaka yatoe maua, ndipo uyang'oe.

Mdau wa Pasua: Mkuu, sisi wa Moshi mbona nyanya zinaota bila hata kuhangaika na chupa za maji moto? Shida yangu ni saladi. Nasia, inakataa.

Jibu: Mko chini ya mita 1,000 ndugu yangu, joto mnalo la bure. Lakini saladi ni kinyume: udongo ukipita nyuzi 30 mbegu inalala. Iatamie kwenye tishu yenye unyevu, weka kontena sehemu ya chini ya friji siku moja au mbili, kisha sia jioni kwenye kivuli. Hapa ndipo friji ya Pasua inamzidi king'amuzi wa Arusha.

Kijana wa Njiro: Shikamoo mwalimu. Nilikamua mbegu za hoho la kijani nililonunua soko la Kilombero, nimeziatamia kwa joto sawasawa, zimeoza zote. Tatizo kitambaa?

Jibu: Marahaba. Tatizo ni tunda, mdogo wangu. Hoho la kijani huvunwa kabla ya kukomaa, mbegu zake nyingi bado changa. Chagua lililogeuka jekundu au njano kabisa. Na hata zikiota, kama mama yake alikuwa chotara usitegemee watoto wafanane naye. Kwa kujifunzia sawa, kwa kuuza nunua pakiti.

Bibi Bustani, Marangu: Kwa pasheni ulipita haraka. Nasikia inachachushwa?

Jibu: Shikamoo bibi. Ndiyo. Kamua mbegu na juisi yake, acha kwenye chombo siku mbili au tatu ichachuke, utando utaachia wenyewe ukisugua. Osha, sia zikiwa bado mbichi, hapo huota haraka kuliko zilizokaa. Kwa Marangu na baridi yake subiri wiki tatu hadi nne. Ukitaka kudumu na shamba, otesha ya njano kama shina, kisha ubebeshe ya zambarau juu yake, maana ya njano inastahimili mnyauko wa fuzari (ugonjwa wa ukungu wa udongoni).

Fundi Trei, Usa River: Miche yangu ya nyanya ilitoka vizuri, leo asubuhi nimekuta kama robo imelala, shingo imekuwa nyembamba kama uzi. Nimwagilie zaidi?

Jibu: Usimwagilie kabisa! Hicho ni kinyausi, na maji ndiyo yanayokisafirisha. Iliyolala haiponi. Itoe pamoja na udongo wake, uitupe mbali na bustani. Iliyosimama ipeleke penye hewa na mwanga, acha udongo wa juu ukauke, nyunyiza mchanga mkavu kuzunguka shina. Kuanzia sasa mwagilia asubuhi tu, kutoka chini. Trei hiyo ukimaliza ioshe kwa jiki iliyochanganywa na maji kabla ya kusia tena.

Mama Neema, Sakina: Nimerudi tena. Pakiti ya nyanya nimeipima kama ulivyosema, kumi zimeota moja, na kipimajoto kinasoma 26. Nifanyeje?

Jibu: Rudia na mbegu nyingine 20 ili mwenye duka asipate pa kukwepea. Matokeo yakiwa yale yale, nenda na pakiti, risiti, na ile namba ya kundi iliyochapwa kwenye lebo. Kwanza muulize pakiti zilikaa wapi: duka la bati lenye jua la mchana huua mbegu nzuri kabla ya tarehe yake. Akikataa kusikiliza, wanaosimamia ubora wa mbegu kwa upande wa serikali ni TOSCI, na watataka lebo hiyo hiyo, kwa hiyo usiitupe.